Misimu Kumi na Mitatu ya Lavelle Pruitt, na Msiba Tuliomficha

Leo ni Jumatatu, tarehe 15 Mei 2017. Jumapili ijayo, tarehe 21, Lavelle Pruitt atavua jezi ya Klabu ya Mpira wa Kikapu ya mji wetu, Ain Qasab, baada ya kuitumikia misimu kumi na mitatu, na siku itakayofuata atapanda ndege kurudi kwao Louisiana, Marekani. Katibu wa klabu ameniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya kijitabu cha sherehe. Alinichagua kwa sababu mwalimu wangu wa insha alinitaja, na kwa sababu baba yangu, Ghattas Nammour, ni dereva wa klabu tangu kabla sijazaliwa. Naahidi kusimulia yote.

Katibu alisema, “Nayla binti yangu, andika mazuri tu. Watu watakuja na watoto.” Nikamwuliza baba. Baba akasema, “Andika na lile.” Lile ni habari ya mama yake Lavelle, aliyefariki miaka sita iliyopita, nasi tukamficha mwanawe habari hiyo. Mji mzima unaijua na hakuna aliyewahi kuiandika. Lavelle anaondoka, na baba yangu anataka kulitengeneza jambo hilo, kadiri linavyoweza kutengenezeka, kabla hajaondoka. Kwa hiyo nitalisema mahali pake.

Lavelle alifika Oktoba 2004, akiwa kijana wa miaka ishirini na mitano, mwenye urefu wa mita mbili na sanduku moja lililofungwa kwa kamba. Alikuwa amecheza msimu mmoja Kupro, nusu msimu Uturuki, na miezi michache Jordan katika timu iliyovunjika kabla ya Krismasi. Ndivyo wanavyoishi Wamarekani wengi ambao ligi kubwa ya kwao haikuwachukua. Huku kwetu timu ikifungwa, anayebadilishwa ni mgeni, yaani mchezaji wa kutoka nje. Kocha habadilishwi, mpwa wa mwenyekiti habadilishwi. Baba alikuwa akienda uwanja wa ndege wa Beirut na mmoja na kurudi na mwingine, na mara nyingi kiti kilikuwa hakijapoa.

Wageni walikuwa na njia yao ya kujua kuwa wamefukuzwa. Baba akija asubuhi bila kupiga simu, akazima gari na kupanda ngazi kimyakimya, mtu alianza kukunja nguo.

Lavelle alipangishiwa chumba cha juu nyumbani kwetu, kwa bibi yangu, marehemu Wadia. Januari yake ya kwanza hapa timu ilifungwa mfululizo, na asubuhi moja baba akapanda ngazi.

“Leo?” Lavelle aliuliza.

“Leo,” baba akajibu.

Bibi alitoka jikoni na mwiko mkononi. “Mnamtoa mtoto wa watu kwenye theluji hii? Hata bamia hajamaliza!”

“Si mimi, mama. Ni mwenyekiti.”

“Basi mwambie mwenyekiti wako aje ale bamia yake na sahani aoshe mwenyewe!”

Barabara ya mlimani kwenda Beirut ilikuwa imefungwa kwa theluji. Walikaa kwenye foleni ya magari hadi alasiri, wakageuza. Mgeni mpya naye alikuwa amekwama upande wa Beirut, hawezi kupanda. Siku iliyofuata kulikuwa na mechi nyumbani, na klabu haikuwa na mgeni mwingine ila huyu aliyefukuzwa. Lavelle aliingia uwanjani sanduku lake likiwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akafunga vikapu mpaka kocha wa wapinzani akaketi sakafuni. Mwenyekiti wetu, Bwana Naoum, alisema, “Yule wa Beirut ni nani? Mrudisheni alikotoka.” Kijana wa watu akarudi kwao bila kuuona mji wetu. Wazee wa hapa bado wanaicheka habari hiyo, ingawa mimi humfikiria sana yule wa Beirut.

Kila Jumapili simu ya mezani ya bibi ililia. Alikuwa mama yake Lavelle. Huku kwetu mwanamke aliyezaa tunamwita kwa jina la mwanawe, ni heshima, kwa hiyo tangu simu ya kwanza yeye alikuwa Mama Lavelle na hakuwa na jina jingine. Bibi hakujua neno hata moja la Kiingereza. Baba alishika simu katikati yao akitafsiri, na mara nyingi walichogombania kilikuwa bamia, kwani kumbe huko Louisiana nako wanazipika.

“Mama Lavelle anasema uzikaange kwanza, ute utoke.”

“Mwambie mimi nazikaanga tangu yeye hajazaliwa. Mwulize limau anaweka lini.”

“Anasema haweki limau.”

“Haweki limau! Ghattas, huyu mtoto amelelewa na nani?”

Julai 2006 vita vilipoanza, Lavelle alikuwa bado hapa, akifundisha watoto katika kambi ya likizo. Ndege za kivita zilipiga madaraja na barabara ya mpakani. Mama Lavelle alipiga simu asubuhi na jioni, na sauti yake, baba anasema, ilikuwa kama ya mtu aliyebeba maji akiogopa kumwaga. Baba alimchukua Lavelle kwa njia za vumbi za mashambani kuelekea mpaka wa kaskazini. Walilipita lori la viazi lililochomwa, dereva wake bado ndani. Lavelle aliomba wasimame. Baba alikataa kusimama. Walipovuka, baba mwenyewe ndiye aliyempigia mama yule simu.

Alilia, kisha akamwambia baba maneno ambayo baba ameyakariri nyumbani mara nyingi: “Umenitolea mwanangu. Nakuomba jambo moja. Likitokea lolote, usinifiche. Niambie mimi kabla ya watu wa televisheni.”

“Nakuahidi, Mama Lavelle,” baba akamwambia. “Kati ya nyumba yetu na yenu hakuna kufichana.”

Lavelle angeweza kutorudi. Wengi hawakurudi. Alirudi msimu ulipofunguliwa, akacheza huku nusu ya vioo vya ukumbi vikiwa vimezibwa kwa mbao. Lugha yetu alijifunza kwa watoto, ndiyo maana hadi leo akimkasirikia refa humwambia, “Nitakusemea kwa mama yako!” na ukumbi mzima huanguka kwa kicheko. Mwaka 2009 alianzisha mazoezi ya wasichana kila Jumamosi. Baadhi ya akina baba walisema mpira wa kikapu utawaharibu binti zao. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akanywa kahawa ya kila mmoja, akapata wasichana wa kutosha timu moja na wawili wa akiba. Mmoja wa wale wawili ni mimi.

Sasa nafika mahali penyewe.

Aprili 2011 tulikuwa tumebakiza mechi moja kupanda Ligi Kuu, jambo ambalo mji huu haukuwa umewahi kulipata. Kocha wetu, Hagop, aliwapeleka wachezaji kambini katika hoteli ya mlimani na kukusanya simu zao zote, kama ilivyo desturi yake. Mechi ilikuwa Ijumaa saa kumi na moja jioni. Jumatano, simu ya ofisi ya klabu ililia, na aliyekuwa karibu nayo ni baba. Alikuwa dada yake Lavelle, Renita. Mama yao amefariki usingizini. Mazishi ni Jumamosi asubuhi. “Mwambie tunamsubiri,” alisema. “Mwambie hatumbebi bila yeye.”

Baba alipanda gari akaenda hotelini. Angemwambia Jumatano ile ile, Lavelle angefika kwa wakati. Lakini kwanza alikutana na Mwenyekiti Naoum na Kocha Hagop kwenye ukumbi wa chini.

“Akijua, atacheza?” mwenyekiti aliuliza. “Hatacheza. Asipocheza, tumekwisha.”

“Dada yake amesema wanamsubiri,” baba akasema.

“Marehemu haendi popote, Ghattas. Mechi ndiyo inakwenda.”

Kocha Hagop hakuwa mkali. Alimshika baba bega. “Baba yangu alipofariki nilikuwa na mtihani wa mwisho. Waliniambia baada ya karatasi ya mwisho. Nilifaulu. Leo nawashukuru walionificha. Mtu humwambii tu hivi, kama unamtupia jiwe.”

“Mimi nilimwahidi mama yake.”

“Ulimwahidi mama. Mama hayupo tena. Sasa mwangalie mtoto.”

Ni lazima niseme kwa haki kwamba hawakuona kuwa wanatenda ubaya. Huku kwetu habari ya kifo haipewi mtu kwa ghafla. Mjomba wa baba alipofia Brazili, bibi aliambiwa kwanza kuwa kaka yake ana homa, kisha kwamba amelazwa, kisha kwamba madaktari wana wasiwasi, na wakati huo wote marehemu alikuwa ameshazikwa. Aliye safarini huachwa afike. Aliye mezani huachwa amalize kula. Lavelle tulimfanyia kama tunavyomfanyia mmoja wetu. Hatukumwuliza kama ndivyo anavyotaka kufanyiwa, na kwao mtu huambiwa saa ile ile ili awahi kumzika mtu wake.

Hata bibi alikubali. Alisema, “Mpeni kidogo kidogo,” akavaa nguo nyeusi na kukaa ndani ili habari isitoke kwa rangi ya nguo yake. Lakini hawakumpa hata hicho kidogo kidogo. Walimwacha afanye mazoezi.

Nilikuwa na miaka kumi. Ijumaa ile shule nzima ilijua. Ukumbi ulijaa hadi kwenye ngazi, na kila aliyekuwemo alijua isipokuwa yeye. Sijawahi kusikia jina la mtu likiimbwa vile. Kila alipopiga mitupo ya adhabu wanawake walilia waziwazi, na Lavelle alituinulia mkono akitabasamu, akidhani tunalilia ushindi. Tulishinda. Mwenyekiti akasema asubiriwe kwanza akate wavu wa kikapu, kama wafanyavyo washindi, kisha apigwe picha na kombe, kisha apigwe picha na mbunge.

Baba alimwambia garini, njiani kurudi nyumbani. Lavelle alikuwa na wavu shingoni. Alisema, “Baba Nayla, nipe simu yangu nimpigie mama. Atakuwa hajalala, ananisubiri.”

Baba akaegesha pembeni, karibu na kiwanda cha juisi ya zabibu, akamwambia.

“Lini?” Lavelle aliuliza.

“Jumatano.”

“Leo ni siku gani?”

Lavelle alijibu mwenyewe, “Ijumaa.” Kisha akauliza, “Nani alijua?”

“Wote.”

Alifungua mlango, akashuka na begi lake, akaanza kutembea. Baba alimfuata kwa gari taratibu hadi mjini, taa zikiwa zimewashwa nyuma yake, na watu waliokuwa wakipiga honi na kupeperusha bendera walinyamaza mmoja mmoja alipowapita. Alifika Louisiana Jumamosi jioni. Walikuwa wamemsubiri hadi mchungaji aliposema haiwezekani tena. Kaburi lilikuwa limeshafunikwa.

Hakuna aliyetarajia kumwona tena. Septemba alirudi. Alikuja kwa teksi. Alihama nyumbani kwetu akapanga juu ya duka la matairi, na tangu siku hiyo hajawahi kupanda gari la baba yangu wala kula kwetu. Akikutana na baba husema, “Habari za asubuhi, Baba Nayla,” kwa adabu kabisa, na kuendelea na safari yake. Baba anasema afadhali angemtukana.

Barabarani watu walisema wanavyotaka. “Ameshasahau, ni mtu mzima.” “Hana pengine pa kwenda, nani atamchukua na goti lile bovu?” Wavulana wa mtaa wa juu walikuwa wakimtania baba: “Baba Nayla, gari lako linanuka nini hata Mmarekani anakwenda kwa miguu?” Mimi niliwarushia mawe, na Lavelle, aliyekuwa akipita, alinikamata mkono akaniambia mkono wa kulia ni wa kutupia mpira tu.

Alicheza misimu sita mingine. Katika Ligi Kuu tulidumu misimu miwili tukashuka. Goti lake la kushoto lilichomwa sindano nyingi kuliko inavyofaa, na daktari ameonyesha kwenye picha kwamba mfupa sasa unasugua mfupa. Wachezaji wenzake wanne aliowalea wamekwenda timu za Beirut. Timu yetu ya wasichana imekuwa ya pili katika bonde letu lote la Bekaa mwaka huu. Hayo ndiyo mafanikio yake, na yapo mengine ambayo katibu atayasoma siku ya sherehe.

Bibi Wadia alifariki Februari 2015. Lavelle hakuitwa. Alikuja mwenyewe, amevaa suti iliyokuwa fupi mikononi, akasimama penye jeneza na kushika mshikio wa mbele. Wanaume waliobeba ni wafupi, na yeye ni mita mbili, kwa hiyo jeneza liliinama upande mmoja.

“Inama kidogo, Lavelle, bibi atateleza,” mtu alimwambia.

Akakunja magoti. Alitembea hivyo, magoti yamekunjwa, kutoka kanisani hadi makaburini, mlima wote, na goti lile. Nilikuwa nyuma yake nikaona mguu wake ukitetemeka. Hakubadilishana na mtu. Siku tatu za rambirambi aliketi katika safu ya wafiwa, kando ya baba, akipokea mikono ya watu na kunywa kahawa chungu. Siku ya tatu, viti vilipokuwa vikikunjwa, alimwambia baba neno moja kuhusu jambo lile, la kwanza na la mwisho mpaka leo: “Mahali pangu kwenye jeneza la mama alishika mtu wa kukodiwa.”

Baba alitaka kujibu. Lavelle alikuwa ameshachukua koti.

Tangu hapo baba amekuwa akifikiri, na mwezi uliopita, tulipojua kuwa Lavelle anastaafu, aliniambia alichokifikiria. Tulimficha msiba, lakini pia hatukumpa rambirambi. Alipoondoka hakukuwa na wa kumpa, na aliporudi kila mtu aliogopa. Hakuna mtu wa mji huu aliyewahi kuketi kwa ajili ya mama yake, wala kumshika mkono mwanawe na kumwambia Mungu amrehemu. Baba anataka kufungua nyumba yetu Jumamosi, kabla ya sherehe, kama inavyofunguliwa kwa mtu wetu. Viti vipangwe, kahawa chungu ipikwe, na tangazo la kifo libandikwe kwenye kuta za mji mzima, lenye ukingo mweusi, kama lilivyobandikwa la bibi. Mwenyekiti Naoum amesema atakuja. Kocha Hagop, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, amesema ataketi tangu asubuhi.

Juzi Jumamosi baba alikwenda kwa Bwana Shukri, mpiga chapa, nami nilikwenda naye. Bwana Shukri alivaa miwani akashika kalamu.

“Marehemu ni nani?”

“Mama Lavelle,” baba akasema.

“Hiyo naijua, Ghattas. Jina lake.”

Baba alinitazama mimi. Tulitoka tukampigia mwenyekiti, tukampigia kocha, tukamwuliza katibu; hakuna aliyelijua. Mama yule alizungumza na nyumba yetu kila Jumapili kwa karibu miaka saba. Tunajua alivyokaanga bamia. Tunajua alivyocheka, na kwamba aliogopa radi. Jina lake hatukuwahi kuliuliza. Baba alirudi nyumbani akaketi ndani ya gari, uani, na hakushuka mpaka mama yangu alipokwenda kumfuata.

Lavelle, rasimu hii wewe utaisoma kwanza. Katibu atakuletea kesho kabla haijachapwa, nami nimemwomba asikate kitu. Klabu ya Ain Qasab inakushukuru kwa misimu kumi na mitatu. Wasichana wa Jumamosi tunakushukuru kwa kunywa kahawa ya baba zetu wote. Tunakutakia huko uendako goti lipate kupumzika, na watu watakaokuambia kila habari siku ile ile inapofika.

Kama hutaki nyumba ifunguliwe, sema hutaki, na baba amesema hatakuuliza tena. Lakini kama unakubali, Bwana Shukri anafunga mashine Alhamisi mchana, na jibu lako mpe katibu huyo huyo aniletee: mama yako aliitwa nani?